Vali Inayopima Mafuta



Huenda umewahi kuona kijiko kikichimba lambo au mtaro wa bomba la maji. Sisemi kijiko cha chai. Nasema mtambo ule mkubwa wenye mkono mrefu wa chuma. Watu wengi husimama kuutazama. Hata mimi, Bwana Shamba wenu, husimama.

Kwanza mkono ule unang'oa kisiki cha mti mkubwa. Baadaye mkono uleule unainua kalvati la zege na kulilaza mtaroni polepole, kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Kalvati halivunjiki.

Dereva wa kijiko hana nguvu kukushinda wewe. Ameketi kitini. Ameshika kishikio kidogo kwa vidole vyake. Akikisogeza kidogo, mkono wa chuma unakwenda polepole. Akikisogeza zaidi, unakwenda kasi. Je, mkono huo unajuaje kwamba dereva anataka kidogo tu?

Jibu limo ndani ya kipande cha chuma ambacho mara nyingi hakizidi ukubwa wa tofali. Kipande hicho ni vali. Si vali ya kufungua na kufunga tu. Ni vali inayopima kiasi. Leo tutaieleza vali hiyo, kwa sababu siku hizi imo pia katika trekta nyingi zinazokuja vijijini, na kwa sababu ni rahisi sana kuiharibu.

NGUVU YA MAFUTA

Tuanze na mafuta. Mtambo kama kijiko haunyanyui vitu kwa kamba wala kwa mnyororo. Hunyanyua kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba na mipira. Mafundi huyaita mafuta ya haidroliki.

Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, aliona jambo hili: ukisukuma maji au mafuta yaliyofungiwa mahali, msukumo huenda kila upande sawasawa. Mwaka 1795 fundi wa Uingereza, Joseph Bramah, alitumia jambo hilo kutengeneza mashine ya kukandamiza vitu kwa nguvu ya maji.

Chukua mfano wa jeki ya lori. Ndani yake kuna pistoni mbili, nyembamba na nene. Mafuta yako katikati yao. Tuseme uso wa pistoni nyembamba ni sentimita 1 ya mraba, na uso wa pistoni nene ni sentimita 50 za mraba. Ukisukuma ile nyembamba kwa nguvu ya kilo 10, ile nene itainua kilo 500. Hayo ni magunia 5 ya mahindi ya kilo 100 kila moja.

Lakini hakuna cha bure. Ili pistoni nene ipande sentimita 1, ile nyembamba ni lazima ishuke sentimita 50. Ndiyo maana mtu wa jeki hupiga jeki mara nyingi, na lori hupanda kidogo kidogo.

Katika trekta na kijiko, hakuna mtu wa kupiga jeki. Injini inazungusha pampu, na pampu inasukuma mafuta bila kuchoka. Presha ya mafuta hayo ni kubwa mno. Presha ya tairi la gari dogo ni kama pauni 30. Presha ya mafuta ya trekta inaweza kufika mara 70 hadi mara 100 ya hiyo. Ya kijiko huzidi hapo.

Basi nguvu ipo tele. Kazi iliyobaki ni kuiongoza.

MLANGO WA MFEREJI

Ninyi mnaolima mpunga au mboga kwa mfereji mnaifahamu kazi hii kuliko mnavyodhani. Mfereji mkubwa unaleta maji. Kwenye jaruba lako kuna mlango wa ubao. Ukiupandisha ubao, maji yanaingia. Ukiushusha, maji yanakoma.

Sasa fikiri kwamba kamati ya skimu imetoa amri: ubao upandishwe wote au ushushwe wote. Hakuna katikati. Siku ya kupandikiza miche, maji yatakuja kwa fujo na kuing'oa miche yote. Utalia.

Zipo vali za haidroliki za namna hiyo. Ni za "ndiyo" au "hapana". Kwa kazi nyingine zinafaa. Tela la kumwaga mchanga likipanda moja kwa moja hadi juu, halina neno. Lakini huwezi kulaza kalvati kwa vali ya namna hiyo.

Mkulima mwenye akili huupandisha ubao vidole viwili, akatazama, akaongeza kidole kimoja. Vali tunayoisema leo hufanya hivyohivyo. Ukiiomba kidogo, inafungua kidogo. Ukiiomba nusu, inafungua nusu. Tuiite vali ya kiasi.

NDANI YA VALI

Fundi akiifungua vali hiyo utaona kipande cha chuma chenye tundu refu lililonyooka. Ndani ya tundu kuna chuma cha mviringo kinachofanana na mchi mdogo. Mchi huo si mnene kila mahali. Umechongwa viuno, sehemu nene na sehemu nyembamba.

Ukutani mwa tundu kuna milango. Mlango mmoja unaleta mafuta kutoka kwenye pampu. Mwingine unayarudisha kwenye tangi. Miwili inakwenda kwenye silinda inayosukuma mkono wa mtambo, mmoja chini ya pistoni na mwingine juu yake.

Mchi ukikaa katikati, sehemu zake nene zinaziba milango. Mafuta ya silinda hayana pa kutokea. Mkono unasimama ulipo. Mchi ukisogea upande mmoja, kiuno chake kinaunganisha pampu na upande wa chini wa pistoni, na mkono unapanda. Mafuta ya upande wa juu yanarudi kwenye tangi. Mchi ukisogea upande wa pili, mkono unashuka.

Hadi hapo ni sawa na vali nyingi. Tofauti inaanza kwenye mikato. Pembeni mwa viuno vya mchi wa vali ya kiasi, fundi amekata mikato midogo, mara nyingi yenye umbo la V. Mchi ukianza kusogea, ni ncha ya V tu inayofunguka, na mafuta yanapita kama uzi. Mchi ukiendelea, V inapanuka na mafuta yanaongezeka. Nawaambieni, yule aliyefikiri kukata V hizo alikuwa anaijua kazi yake.

Kuna jambo moja linalowashangaza madereva wageni. Mchi ukiwa katikati, sehemu zake nene huzidi milango kidogo, kama mfuniko uliozidi mdomo wa chungu. Hivyo dereva akianza kusogeza kishikio, mwanzoni hakuna kinachotokea. Mgeni hudhani mtambo umelala. Anavuta kwa nguvu, na mkono unaruka. Mzoefu anajua kungoja. Kama mnakodi kijiko cha kuchimba lambo, na malipo ni kwa saa, mtazameni dereva dakika chache za kwanza. Mkono unaorukaruka hula mafuta na saa zenu.

NANI ANAUSUKUMA MCHI?

Katika trekta za zamani, mchi husukumwa na mkono wa dereva mwenyewe kwa wenzo na vyuma. Mkono wa mtu ndio unaopima. Katika vijiko vingi, kishikio cha dereva hupeleka mafuta machache ya presha ndogo, na hayo ndiyo yanayousukuma mchi mkubwa. Dereva akivuta zaidi, presha hiyo inaongezeka, na mchi unasogea zaidi.

Katika mitambo mingi mipya, kazi hiyo inafanywa na umeme. Hapa tukae kidogo.

Waya mwembamba ukizungushwa mara nyingi na kupitishwa umeme, unageuka kuwa sumaku. Umeme ukikatika, usumaku unakwisha. Waya huo uliozungushwa huitwa koili. Mwishoni mwa vali kuna koili. Umeme wa betri ukiingia, sumaku inausukuma mchi. Upande mwingine kuna springi inayoukataa mchi na kutaka kuurudisha katikati.

Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Umeme ukiwa kidogo, sumaku ni dhaifu, na springi inauzuia mchi mapema. Umeme ukiongezeka, sumaku inapata nguvu na mchi unakwenda mbele, hadi pale springi iliyobanwa inapolingana nayo. Hapo mchi unatulia. Kwa hiyo kiasi cha umeme ndicho kinachoamua mchi usimame wapi, na mahali mchi uliposimama ndipo panapoamua mafuta yapite kiasi gani.

Utauliza: betri inatoa volti 12 zilezile siku zote, je, umeme unapunguzwaje? Kompyuta ndogo ya mtambo huuwasha na kuuzima umeme huo haraka sana, mara nyingi hata mamia ya mara kwa sekunde moja. Fikiri mtu anayeendesha baiskeli. Anakanyaga pedali, anapumzika, anakanyaga tena. Baiskeli haisimami wakati anapopumzika. Akikanyaga kwa muda mrefu na kupumzika kidogo, inakwenda kasi. Akikanyaga kidogo na kupumzika sana, inakwenda polepole. Koili nayo haiwahi kulala katikati ya kuwashwa na kuzimwa. Huona wastani tu.

Tena mchi huachwa utetemeke kidogo sana, wakati wote. Anayechekecha unga anajua sababu. Ukiacha kulitikisa chekeche, unga unaganda. Mchi uliotulia kabisa nao hukwama, na ukija kuondoka huondoka kwa kuruka.

Lipo bado tatizo la mfereji. Mvua ikinyesha milimani na mfereji ukajaa, ubao uleule ulioinuliwa vidole viwili unapitisha maji mengi zaidi. Hukuugusa ubao. Maji ya nyuma ndiyo yamepanda. Katika mtambo pia, mzigo ukibadilika, mafuta yanayopita katika tundu lilelile hubadilika. Mkono wenye mzigo mzito ungekwenda polepole, na mtupu ungekwenda kasi, hata kama dereva hakusogeza kidole. Ndiyo maana vali nyingi nzuri zina mlinzi wa pili, mchi mwingine mdogo wenye springi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba tofauti ya presha kabla ya tundu na baada ya tundu haibadiliki. Kama kila mfereji ungekuwa na mlinzi wa namna hiyo, kesi nyingi za maji zisingefika kwenye baraza la kijiji.

TREKTA NA UDONGO MGUMU

Kwa mkulima, faida kubwa ya vali hii iko nyuma ya trekta, pale plau inapofungwa.

Zamani plau ilikokotwa kama tela. Ikikuta kisiki au udongo mgumu, trekta iliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, alibuni namna ya kuifunga plau kwenye trekta kwa mikono mitatu, na kuinyanyua kwa mafuta. Trekta yenye mpango huo, iliyotengenezwa kwa mapatano yake na Henry Ford wa Marekani, ilianza kuuzwa mwaka 1939. Plau ilipokuta udongo mgumu, mkono wa juu uliibana springi, springi iligusa vali, na plau ikainuliwa kidogo. Udongo ulipolegea, plau ilirudi chini yenyewe.

Trekta nyingi mpya zinafanya kazi hiyohiyo kwa umeme. Kwenye mikono ya chini kuna pini zinazopima jinsi plau inavyovuta. Kompyuta inasoma pini hizo na kuiambia vali ya kiasi: inua kidogo, shusha kidogo. Dereva anazungusha kitufe tu. Shamba linalimwa vizuri, matairi hayatelezi ovyo, na dizeli haipotei.

NDOO YANGU

Sasa nitasema habari ambayo sipendi kuisema.

Miaka kadhaa iliyopita, kikundi cha wakulima katika kijiji nilichokuwa nikikihudumia kilinunua trekta iliyotumika, kutoka nje. Ilikuwa na vali za umeme. Mwezi wa Desemba, mvua za kwanza ziliponyesha, dereva alisema mafuta ya haidroliki yamepungua. Mafuta yalikuwapo katika pipa, lakini hapakuwa na chombo cha kuyamimina. Mimi nilikuwa na ndoo kwenye pikipiki yangu. Nilikuwa nimebebea sampuli za udongo wa mashamba. Niliipangusa kwa kitambaa, nikampa.

Kesho yake plau ilianza kupanda kwa kurukaruka. Siku ya tatu ilikataa kushuka. Tulidhani ni umeme. Kwenye vali ile kulikuwa na koili mbili zinazofanana, ya kupandisha na ya kushusha. Dereva, kijana mwerevu, aliondoa watu wote karibu na trekta, kisha akaibadilisha koili ya kupandisha na ya kushusha. Kama kosa lingekuwa katika koili, sasa plau ingekataa kupanda badala ya kushuka. Haikuwa hivyo. Ilipanda kama kawaida, na kushuka ikakataa vilevile. Tukajua koili ni nzima.

Fundi wa mjini alikuja baada ya siku nyingi. Alitandika kitambaa safi, akaifungua vali, akautoa mchi. Ulikuwa na mikwaruzo. Alipitisha ukucha, akanipa nami nipitishe. Kisha akauliza mafuta yalimiminwa kwa chombo gani. Dereva alinyamaza. Ilibidi niseme mimi.

Fundi alinieleza hivi. Nafasi kati ya mchi na ukuta wa tundu ni ndogo ajabu. Gawa milimita moja katika sehemu 1,000. Nafasi hiyo ni kama sehemu 5 hadi 10 tu. Unywele wa mtu una unene wa kama sehemu 70. Jicho haliwezi kuona chembe ya kuingia mle. Mafuta yanayoonekana safi kwa macho yanaweza kuwa machafu kwa vali. Ndoo niliyoipangusa ilikuwa na vumbi la kutosha kuua vali kumi.

Chujio lingetusaidia, lakini lilikuwa limeziba. Likiziba sana, katika mitambo mingi mafuta hupita kando yake bila kuchujwa, ili chujio lisipasuke.

Tulipoteza siku 11. Wenye mashamba ya mwisho kwenye orodha walipanda mahindi yakachelewa, na mvua ikakatika kabla hayajabeba vizuri. Mama mmoja mjane aliyekuwa wa mwisho kabisa aliacha mahindi akapanda choroko. Hakunilaumu. Alinipa hata bakuli la choroko zile wakati wa kuvuna. Afadhali angenilaumu.

MFANYE NINI

Kikundi chenye trekta kiweke chombo kimoja cha kumiminia mafuta ya haidroliki, chenye mfuniko, kisichofanya kazi nyingine yoyote. Kisiwe cha maji, kisiwe cha dizeli. Kabla ya kufungua kifuniko cha tangi, futeni vumbi lote pembeni yake. Msifungue wakati wa upepo. Ncha za mipira ya kuunganishia tela zifunikwe vifuniko vyake. Nimeona ncha hizo zikiburuzwa chini mavumbini, na huko ndiko uchafu mwingi unakoingilia. Badilisheni chujio kwa wakati uliotajwa katika kitabu cha trekta. Mahali penye vumbi jingi, msingoje hata huo.

Yatazameni mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, yamepata joto kupita kiasi. Hayo yote ni adui wa mchi. Mafuta machafu mliyoyatoa msiyamwage karibu na kisima.

Mkono ukirukaruka au ukichelewa, msiongeze nguvu ya injini mkidhani utapona. Simamisheni kazi. Tazameni kwanza waya na maungio ya umeme, maana panya hutafuna waya na maji hutia kutu. Vali nyingi zina pini ndogo mwishoni mwa koili ya kuusukuma mchi kwa mkono. Hiyo ni ya fundi. Ukiibonyeza, mzigo unaweza kuanguka papo hapo. Mtu yeyote asiingie chini ya plau au tela lililoinuliwa na mafuta peke yake. Liwekewe gogo au chuma cha kulizuia.

Neno la mwisho ni juu ya mpira unaovuja. Usiutafute uvujaji kwa kidole. Mafuta ya presha hiyo yakitoka katika tundu dogo kama la sindano, hupenya ngozi na kuingia mwilini. Mwanzoni utaona alama ndogo tu, na pengine hautasikia maumivu makubwa. Usidanganyike ukaenda kulala. Zimeni injini, shusheni mzigo, na mpelekeni mtu huyo hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi huhitaji kupasuliwa haraka asije akapoteza kidole au mkono. Mwambieni daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia chini ya ngozi. Kutafuta uvujaji, tumia kipande cha karatasi ngumu ya boksi, ukiwa umesimama mbali kidogo. Karatasi ikilowa, tundu liko hapo.